Milima Isiyo na Nzi

Nakiru alikuwa na milima yake. Wengine pale Lodwar walikuwa na ngamia, wengine walikuwa na duka la mabati, na karani Josiah alikuwa na redio. Yeye alikuwa na milima ya Lokatukoi, aliyoizaa mwenyewe siku moja akikoroga chai, kwa sababu moto ulikataa kuwaka na wateja walikuwa wameanza kuangalia barabara.

Milima hiyo ilikuwa na miguu. Hilo ndilo la kwanza alilowaambia. Milima ya huku kwetu imelala tu kama ng'ombe aliyeshiba, lakini ile ya Lokatukoi inahama. Jua likizidi, inasimama, inajikung'uta mawe mgongoni, inakwenda kutafuta kivuli cha wingu. Kila mlima una alama sikioni, ili mwenyewe aujue ukichanganyika na milima ya jirani. Asubuhi wanawake wanakwenda na vibuyu kuikamua, na maji yanatoka yakiwa na povu. Mlima usipoimbiwa unatoa matone mawili matatu, halafu unabana.

"Hiyo ni mlima jike," alisema Mutua, dereva wa lori la unga, Mkamba mwenye tumbo la heshima. "Na ile dume inafanya kazi gani, mama?"

"Kazi ya wanaume wa Lodwar. Inakaa kivulini, inangoja chai."

Basi wakacheka, wakaagiza kikombe cha pili. Siku ya pili wakauliza kama milima inaoa. Nakiru akawaambia inaoa sana, na mahari ni vilima saba na bonde moja la kumnyamazisha mama mkwe. Hivyo hivyo nchi ile ikakua. Nakiru alikuwa mjane wa miaka hamsini kasoro, na shule aliiacha darasa la nne, siku padri alipogundua nani aliyekuwa anawatungia wenzake nyimbo za kumsema padri. Alichokosa kwenye daftari alikiweka mdomoni. Na kweli hakuna aliyedhurika na milima ya Lokatukoi, mpaka mwaka wa sabini na moja, mvua iliposahau njia ya kuja Turkana.

Kwa Waturkana kuna hadithi na kuna habari, na hivi viwili havikai kwenye kibuyu kimoja. Hadithi inaweza kuwa na mlima wenye miguu. Habari ni kitu kingine. Mtu akitoka safari anakalishwa, anaachwa ameze mate kwanza, kisha anaulizwa: umeona nini? Naye anasema polepole, kwa sauti ya chini, bila kucheka na bila kuruka. Kutoka kisima hiki mpaka kile, nyasi zikoje, maji yana kina gani, mifugo wa nani wako pale, kuna ugonjwa, kuna adui. Wanaosikiliza wanaitikia kila kipande kwa mguno. Kwa maneno hayo tu, mtu anaamka kesho anavunja boma na kuhamisha watoto. Kwa hiyo habari haitiwi chumvi. Anayedanganya ndani ya habari hapigwi, wala hatozwi mbuzi. Haulizwi tena, basi. Anaweza kutoka huko akitiririka maji nguo nzima, na hakuna atakayemwuliza kama kulikuwa na mvua.

Nakiru aliyajua hayo kabla hajajua kuvaa.

Sasa siku moja asubuhi akaja mzee mmoja anaitwa Ebei, mfugaji wa upande wa Lokichar. Alikuwa mrefu, mkavu, na kigoda chake cha kulalia kichwa kikining'inia kidoleni. Mke wake, Amuria, alibaki nje kule kwenye mchanga na punda wawili na mbuzi wao. Ebei alikaa karibu na moto, akanywa chai. Halafu akauliza watu wote kwa jumla, "Nani ametoka mbali?"

Josiah karani, ambaye hakuzaliwa huku na habari kwake ilikuwa ni ile ya redio, akamkonyeza Mutua. "Muulize huyu mama, mzee. Amerudi juzi kutoka Kakuma."

Na ni kweli alikuwa amerudi juzi kutoka Kakuma, kumwona dada yake. Ebei akageuza kigoda, akamkabili Nakiru.

"Ejoka, mama?"

"Ejok, apa," alijibu, yaani mzima, baba.

"Umeona nini?"

Hapo ndipo angesema ukweli, na ukweli ulikuwa mfupi: vumbi, na mbwa mmoja. Lakini Josiah alikuwa ameshauma ukingo wa kikombe ili asicheke, Mutua alikuwa ameshika tumbo, na ulimi wa Nakiru ukamponyoka kama mbwa aliyeona mfupa. Alikunja miguu. Alimeza mate. Akaanza kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa.

"Nimetoka Lodwar nikafika Kakuma. Njiani hakuna kitu."

"Mm," akaitikia Ebei.

"Kakuma kwenyewe hakuna kitu. Visima vya Tarach vimeshuka urefu wa watu wanne."

"Mm."

"Ukivuka mto Tarach, ukaiacha milima ya Pelekech mkono wa kushoto, unalala mara mbili. Kuna milima inaitwa Lokatukoi."

"Mm."

"Nyasi zinamgusa punda tumbo. Maji yako juu, kwenye mawe, mtoto anachota kwa mkono. Adui hayuko. Ugonjwa hakuna."

"Mifugo wa nani wako pale?"

"Nimeona nyayo chache. Watu hawajaijua bado."

Alijisikia akisema vizuri. Hiyo ndiyo aibu aliyokuja kuitafuna baadaye kuliko nyingine zote, kwamba alijisikia vizuri. Miguu ya milima hakuitaja. Alama za sikio hakuzitaja. Kila kitu ambacho kingemfanya mzee acheke, alikikata kwa makini kama mtu anayetoa miiba kwenye samaki wa mgeni.

Ebei akafungua fundo kwenye shuka yake, akatoa tumbako, bonge zima, na magadi yake, akamwekea Nakiru kiganjani. Akainama, akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso. Yalikuwa mate membamba, ya mtu mwenye kiu.

"Umeniangalizia nyumba yangu," alisema, akaondoka.

Josiah ndipo akapasuka. Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Mama wewe ni hatari. Nyasi zinamgusa punda tumbo!"

"Atauliza mtu mwingine," alisema Nakiru. "Huko mbele atauliza, wamwambie."

Lakini aliyasema akiwa ameshajua. Mtu aliyepewa habari kamili hamwulizi wa pili, kama vile aliyeshiba hazunguki na sahani.

Zikapita siku nane. Tumbako aliijaribu siku ya kwanza, ikamkaa mdomoni kama udongo wa kichuguu. Akajaribu kuigawa. Fundi wa viatu akaikata kidogo, akamshukuru, akarudi kesho yake kuomba tena, na bonge likawa kama halijaguswa. Alipaka mafuta kwenye paji la uso, akapaka tena. Pale palikuwa pameshakauka zamani, ila yeye bado aliona pana unyevu.

Siku ya nane Mutua akarudi kutoka Kakuma, akakaa, akavua kofia.

"Yule mzee wako nilimpita njiani. Na mke wake na mbuzi. Aliniuliza milima iko bado. Nikamwambia iko, iko mbele tu, songa."

"Ulimwambia iko?"

"Si ni mchezo, mama? Si wewe ndiyo ulianzisha?"

Nakiru akamtazama. Halafu akamwaga maji kwenye moto wa chai, saa tatu asubuhi, wateja wakiwa wamekaa na vikombe mkononi.

"Unarudi Kakuma lini?"

"Kesho kutwa, nikipata mzigo."

"Mzigo ni mimi. Tunaondoka kesho."

Alisafiri juu ya magunia, uso umefungwa leso kwa sababu ya vumbi, na pembe ya leso ikiwa na lile fundo la tumbako. Mutua alisimamisha gari mara mbili kumwuliza kama anataka kukaa mbele. Alikataa mara zote mbili. Aliona kukaa kwenye kiti ni kujipendelea.

Kakuma ya miaka ile ilikuwa maduka machache, misheni, na mto Tarach usio na mto ndani yake. Nakiru alishuka moja kwa moja mchangani, kwenye visima. Pale palikuwa na mama mmoja kijana, Asekon, amesimama ndani ya shimo mpaka mabegani, akipokea maji ya wenzake walio chini zaidi kwa bakuli la mti.

"Umemwona mzee mmoja wa Lokichar? Mrefu, ana mke, ana punda wawili?"

"Ebei? Amepita juzi. Amekwenda kwenye milima." Asekon akafuta jasho, na kwa wema kabisa akampa mgeni habari. "Ukivuka hapa, uiache Pelekech mkono wa kushoto, unalala mara mbili. Nyasi zinamgusa punda tumbo. Maji yako juu, kwenye mawe. Tena kuna asali."

"Asali?"

"Asali nyingi. Na sisi tunangoja mume wangu Ethuro arudi na ngamia, kesho tunavunja boma."

Nakiru hakuwa ametia asali. Alisimama pale anatazama watoto watatu wa Asekon, wamekaa kwenye kivuli cha punda kwa sababu hakukuwa na kivuli kingine. Uongo wake ulikuwa umemtangulia Kakuma, umeoa, umezaa, na sasa ulikuwa unamkaribisha kama mwenyeji.

"Nani alikuambia?"

"Ebei. Na yeye aliambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake."

Kama angesema pale pale, ingekuwa imekwisha kwa Asekon. Alifungua mdomo. Alifikiria moto wake wa chai Lodwar, na watu wakiingia na kutoka miaka yote iliyobaki bila mmoja kumgeukia kumwuliza ameona nini. Akafunga mdomo. Akaomba maji ya kujaza kibuyu, akapewa, na akaondoka akifuata nyayo, na huo ukawa uongo wa pili.

Mbuzi wa kwanza alimkuta kabla jua halijasimama kichwani. Alikuwa jike mweusi, amelala kama aliyechoka tu. Alikuwa hajachinjwa. Mfugaji asiyemchinja mbuzi anayekufa ni mfugaji anayeogopa kupoteza muda, kwa sababu mbele kuna nyasi. Wa pili na wa tatu walikuwa pamoja. Baada ya hapo Nakiru akaacha kuhesabu kwa vidole, akawa anawahesabu kwa kuwasalimia. "Nisamehe, mama," alimwambia mmoja mwenye mimba. Hata yeye, ambaye angeweza kuchekesha matanga, hakuona neno la kuongeza.

Alilala njiani. Kesho yake mchana akawaona. Ebei alikuwa amekaa juu ya kigoda chake katikati ya korongo kavu, ameshika fimbo, anatazama mbele mahali ambapo hapakuwa na kitu ila anga. Amuria alikuwa anachimba mchanga kwa mikono. Mbuzi waliobaki walikuwa wamesimama wanamwangalia anavyochimba. Punda alikuwa mmoja.

Nakiru alikuja akakaa chini mbele yao. Aliweka kibuyu cha maji kati yao, na hakuna aliyekigusa. Ni desturi, mtu aliyetoka safari anaulizwa kwanza.

"Mama wa Lodwar," alisema Ebei, sauti imekauka. "Umekuja. Basi tumeipita? Imebaki upande gani?"

"Haiko, apa."

"Haiko upande gani?"

"Haiko upande wowote. Hakuna milima. Niliitunga, nikikoroga chai."

Ebei alimtazama kama mtu anayetazama kidole chake kilichokatwa, kabla maumivu hayajafika. Amuria akaacha kuchimba.

"Nilijua," alisema Amuria. Hakusema kwa hasira. "Aliponieleza, nilimwuliza, je, nzi? Akasema hakutaja nzi. Nikasema, baba Ekwam, mahali penye nyasi na maji bila nzi ni wapi hapo? Akasema mwanamke yule ameapa kwa habari." Akaupangusa mchanga mikononi. "Mimi ni nani nibishane na habari."

Nakiru akafungua fundo la leso, akanyoosha bonge la tumbako.

"Chukua yako."

"Hiyo ni ya mtu aliyetoa habari," alisema Ebei. "Na ulitoa. Kaa nayo."

"Nilaani basi."

"Nikulaani na nimekwisha kukubariki? Mate yalikwishatoka." Aligeuka akatazama walikotoka. Ndipo maumivu yakamfika, na Nakiru aliyaona yanavyofika, lakini hayakuhusu mbuzi. "Ethuro," alisema mzee. "Nimemwambia Ethuro. Nimewaambia watu wa maboma mawili kabla ya Kakuma. Nimewaambia mtu ameona kwa macho. Sasa maneno haya ni yangu."

Halafu Ebei akageuza kigoda, akamkabili Nakiru vilevile kama siku ile Lodwar.

"Umeona nini?"

Nakiru alimeza mate, na yalikuwa machache. "Nimetoka Kakuma nikafika hapa," alisema. "Nyasi hakuna. Maji hakuna."

"Mm."

"Mbuzi wako ishirini na sita wamelala njiani. Punda mmoja amelala. Nimewaona kwa macho."

"Mm."

"Kisimani kuna Asekon, mke wa Ethuro. Ana watoto watatu. Wanavunja boma kwa ajili ya maneno yangu, na nilikaa naye na sikumwambia."

Hapo Ebei hakuitikia. Amuria ndiye aliyeitikia, polepole, kutoka shimoni. "Mm."

"Simama," alisema mzee. "Utaitangulia njia. Kila nilipoiacha habari hiyo, utaichukua mwenyewe, kwa mdomo uleule. Mimi nitakuwa nyuma, nikusikie."

Walikunywa maji ya kibuyu, wakampa punda mabaki, wakarudi. Usiku Amuria aliwachinja mbuzi wawili ambao wasingefika. Siku ya pili wakawakuta Ethuro na Asekon, ngamia wameshafungwa mizigo, watoto juu. Nakiru akakaa mchangani, akaitoa habari yote tangu mwanzo, na Josiah na kikombe chake, na asali ambayo hakuitia. Alipomaliza, Ethuro alishusha watoto mmoja mmoja kutoka kwenye ngamia bila kumtazama. Asekon ndiye aliyemtazama.

"Nilikupa maji," alisema.

Boma la tatu walimkuta mzee kipofu, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka sana, akidhani ni hadithi. Hilo lilimuuma Nakiru kuliko la Asekon.

Ebei alikuwa amefika visima vya Tarach na mbuzi kumi na tisa, kati ya arobaini na kitu.

Nakiru alirudi Lodwar, akawasha moto. Josiah aliomba milima ya Lokatukoi mara moja tu, akapewa chai iliyopoa. Na habari ya mambo yote ilikuwa imeshafika kabla yake, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya habari. Wafugaji waliendelea kuja kwake kunywa chai, kwa kuwa chai yenyewe ilikuwa nzuri. Walikaa, wakageuza vigoda, wakaulizana. Hakuna aliyekuwa na ukali. "Ejoka, mama," walisema, naye akajibu "Ejok." Kisha macho yao yakampita kama anavyopitwa mtungi, yakatafuta mtu.

Ikapita miezi mitano. Mjomba wake Lomuria akafa huko Lorugum, chini ya milima ya Loima, na Nakiru akaenda kumzika. Walipokuwa wanafukia, mbingu za Loima zikapasuka. Ikanyesha siku tatu. Alikaa mpaka akaona makorongo yanashuka na miti mizima, na wiki iliyofuata kijani kikatoka, kwanza kama ukungu wa chini, halafu kama kitu cha kukanyaga. Akatembea kurudi Lodwar matope mpaka magotini, leso ikiwa na rangi ya udongo, akajikuta anakimbia kama msichana.

Ebei alikuwa amekaa mahali pa chai. Yeye na Amuria walikuwa wamekuja Lodwar kwa mahindi ya serikali, na mbuzi wao, ambao sasa walikuwa kumi na watano, walikuwa wamesimama nje wakila boksi la karatasi. Mutua alikuwepo. Wafugaji wengine wanne walikuwepo.

"Ejoka," alisema Nakiru, akihema.

"Ejok," walijibu wote. Matope ya miguu yake yalikuwa yanadondoka sakafuni, vipande vibichi, mbele ya macho yao. Ebei aliyatazama matope. Halafu akamgeukia Mutua.

"Wewe umetoka Kitale. Umeona nini?"

Mutua akamtazama Nakiru, akamtazama mzee. "Mimi naona barabara tu, mzee. Sasa mama huyu..."

"Nimekuuliza wewe."

Nakiru akapita jikoni nyuma, akashika mwiko. Alikuwa na mvua yote ile kifuani na hapakuwa na pa kuimwaga. Amuria akaingia nyuma yake kuomba kaa la moto. Alikuwa amekonda, mikufu imelegea shingoni. Alichutama, akachokora majivu, akachukua muda wake.

"Umevimba shingo," alisema.

"Nzi."

Amuria akaendelea kuchokora. "Nzi gani?"

"Wale wakubwa wa kijani. Na wale wadogo wa machoni, huwezi kufungua mdomo. Mmoja nimemmeza."

"Wale wa kijani wanakaa kwenye mavi mabichi."

"Ya ng'ombe. Mabichi. Nimekanyaga."

Nakiru akavua kiatu chake cha tairi, akampa. Amuria akakigeuza. Akakwaruza soli kwa ukucha, akasugua kati ya vidole viwili, kilichotoka kikiwa kijani. Akanusa. Alinusa muda mrefu, macho yamefungwa, kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto aliyerudi.

Hakuuliza ni wapi. Alimwangalia Nakiru tu, na Nakiru, akiogopa hata kusema, akaelekeza kwa kidevu upande wa Loima.

Amuria akatoka na kaa lake la moto, na kiatu. Nakiru alimsikia anaongea na mumewe, maneno machache, neno "nzi" mara mbili. Kigoda kikaburutwa. Alipochungulia, mbuzi walikuwa wameshaanza kusukumwa, na Ebei alikuwa mbele, anatembea kwa haraka ya mtu aliyezeeka kwa kuamini. Hakugeuka. Fundo la tumbako lilikuwa bado kwenye leso ya Nakiru, halijapungua, na alijua kwamba hata mbuzi hao wakizaa mapacha, hatalifungua.

Alikaa chini mguu mmoja mtupu. Mutua akauliza kama kuna chai.

"Ngoja," alisema.

Alikuwa anahesabu. Lorugum ni mwendo wa siku tatu na mbuzi, jua lilikuwa kali, na nyasi changa si za kuaminiwa, zinaweza kukauka kabla hawajafika. Siku hizo tatu alikoroga chai bila kumchekesha mtu, akiwaombea nzi wa Loima wasihame.